KOKWA YA TENDE: MAISHA YA IMAM GHAZALI NA MAMBO YANAYOTUSHINDA



Sifa zote njema ni za Allah (SWT), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, dada yangu msomaji, kabla hatujaingia katika kisa chetu hebu nikuulize: saumu yaendaje? Sikuulizi kama unafunga, manake najua unafunga. Nakuuliza ni lipi limekuwa jepesi kwako mwezi huu na ni lipi limekuwa zito. Kuna mtu njaa na kiu kwake si kitu, atashinda na jua la Mombasa utosini akipakua mizigo na wala hutamsikia akilalamika, lakini likitajwa jina la mtu barazani ulimi wake hausimami. Kuna mwingine ni mpole, ukimkanyaga yeye ndiye atakayekuomba radhi, ila kuamka akaswali Alfajiri msikitini ni mtihani mkubwa. Kule madrasa kuna kijana akisomewa ukurasa mara tatu ameshaushika, na kuna mwenzake aya tano zinamtoa jasho wiki nzima. Wallahi mimi nilikuwa huyo mwenzake.

Na kila mmoja wetu ukimuuliza kwa nini, jibu liko tayari: mimi ndivyo nilivyoumbwa. Basi hapo mjadala umekwisha. Mwenye ulimi mkali ndivyo alivyo, mvivu wa swala ndivyo alivyo, na kijana anayetafuna muguka kila jioni baada ya kufuturu naye ndivyo alivyo, mpaka mama yake mzazi amekata tamaa.

Leo nataka tumwangalie mtu mmoja ambaye Allah alimpa akili nyepesi kuliko karibu watu wote wa zama zake, kisha likamjia jambo moja likamshinda mpaka ulimi ukakauka kinywani. Mtu huyo ni Imam Ghazali (Rahimahullah). Jina lake umelisikia kwenye darsa nyingi. Maisha yake pengine hujayasikia kwa upande huu.

YATIMA WA TUS

Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia, katika mji wa Tus, eneo la Khurasan. Leo mahali hapo pako kaskazini mashariki mwa Iran, karibu na mji wa Mashhad. Kwao hakukuwa na mali. Inasimuliwa kwamba baba yake alikuwa akisokota sufu na kuiuza katika kiduka chake. Hakuwa msomi, lakini alipenda sana kukaa na wanavyuoni, akiwahudumia kwa kile kidogo alichonacho na akimuomba Mola amruzuku mtoto mwenye elimu.

Mauti yalipomkaribia alimwita rafiki yake, mtu mcha Mungu, akamkabidhi wanawe wawili, Muhammad na nduguye Ahmad, pamoja na vijisenti alivyokuwa navyo. Akamuusia awasomeshe hata kama pesa zote zitaishia hapo. Na kweli ziliisha. Rafiki mwenyewe naye alikuwa fukara, akawaeleza watoto kwamba hana tena cha kuwapa na akawashauri waingie madrasa, kwa sababu mwanafunzi wa madrasa alikuwa akipata riziki yake ya chakula.

Zingatia hapo, msomaji. Mtu ambaye umma ulikuja kumwita Hujjatul Islam aliingia darasani kwa ajili ya tumbo! Na alipokuwa mkubwa hakulificha hilo. Alikiri kwamba mwanzo nia yao haikuwa kumtafuta Allah, ila elimu yenyewe ndiyo iliyowavuta huko mwishowe. Kwa hivyo usimdharau mtoto anayekuja chuoni kwa sababu ya kaimati za futari. Huenda mlango wake ni huo.

MAJAMBAZI NA MFUKO WA KARATASI

Alisoma fiqhi ya Imam Shafi kwao Tus, kisha akasafiri mpaka Jurjan. Huko aliandika masomo yake kwenye karatasi nyingi, akazitia mfukoni na kuanza safari ya kurudi nyumbani. Njiani wakavamiwa na majambazi, wakachukuliwa kila kitu. Imepokewa kwamba Ghazali aliwafuata nyuma. Mkubwa wao akamtisha arudi asije akauawa. Yeye akamsihi ampe zile karatasi tu, manake hazina faida kwao na yeye amehama mji kwa ajili yake. Jambazi akacheka. Akamuuliza vipi anadai kuwa ana elimu ilhali wao wamemnyang'anya mfuko na sasa yuko mtupu hajui kitu? Kisha akaamrisha arudishiwe.

Maneno yale yalimchoma kuliko upanga. Ghazali aliona kwamba ni Allah aliyemtamkisha jambazi ili amwongoze yeye. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyokuwa ameyaandika, mpaka ikawa hata akiibiwa tena hapungukiwi na kitu.

Sasa sisi tukisoma vitabu vyake tunasema huyu alizaliwa na kichwa. Ni kweli alizaliwa na kichwa, lakini kichwa hichohicho kilikuwa kimetoka Jurjan elimu ikiwa mfukoni. Kilichoihamisha kutoka mfukoni ikaingia kifuani ni miaka mitatu ya kurudia na kurudia. Ile miaka mitatu sisi hatukuiona. Tunachokiona ni wepesi uliokuja baada yake, tukadhani ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

BAGHDAD

Baadaye alikwenda Nishapur akasoma kwa Imam Al-Juwayni, anayejulikana kama Imamul Haramayn, aliyekuwa bingwa wa zama zile katika fiqhi na elimu ya itikadi. Hapo ndipo Ghazali alipochomoza. Katika munadhara, yaani mijadala ya wanavyuoni mbele ya watu, hakuna aliyemweza. Al-Juwayni alipofariki mwaka 478 Hijria (1085), Ghazali alikwenda kwenye kambi ya Nizamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuk, ambako wanavyuoni walikuwa wakikutana na kushindana kwa hoja. Aliwashinda.

Mwaka 484 Hijria (1091) waziri akamteua kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa madrasa kubwa kabisa katika ulimwengu wa Kiislamu. Umri wake ulikuwa kama miaka 34. Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake. Katikati ya shughuli hizo, katika saa za faragha tu na bila mwalimu, alijisomea falsafa kwa muda usiofika miaka miwili mpaka akaielewa kuliko wengi wa wenyewe, akatumia kama mwaka mwingine kuipima, kisha akaandika kitabu cha kuwajibu wanafalsafa kinachosomwa mpaka leo.

Wewe hebu fikiria. Kitu ambacho mwanafunzi wa chuo kikuu anakihangaikia miaka minne na walimu juu yake, Ghazali alikichukua kwa saa za ziada. Hiyo ndiyo ile tunayoita kipawa.

Lakini kuna mtu wa Nishapur aliyemjua vizuri, jina lake Abdul Ghafir Al-Farisi, naye ametuachia habari ambayo si ya kumsifu. Ametaja kwamba Ghazali wa siku zile alikuwa na majivuno, akiwaangalia watu kwa jicho la kudharau na akighurika na ufasaha, fikra na cheo alichopewa. Yaani akili ile ile iliyomwinua ndiyo iliyokuwa ikimlisha kibri kila siku. Shikilia habari hii ya Abdul Ghafir, tutairudia.

MIEZI SITA ISIYOSAHAULIKA

Mwaka 488 Hijria Ghazali aliiangalia nafsi yake. Alikuwa amesoma vitabu vya watu wa tasawwuf akafahamu kwamba mambo yao mengi hayapatikani kwa kusoma, yanapatikana kwa kuyaishi. Kujua maana ya afya ni kitu kimoja, na kuwa na afya ni kitu kingine. Daktari mgonjwa anajua maana ya afya na dawa zake zote, na bado ni mgonjwa. Akaangalia na kazi yake ya kufundisha, ambayo ndiyo iliyokuwa amali yake bora. Akaiuliza nia yake. Akagundua kwamba haikuwa safi kwa ajili ya Allah. Kilichokuwa kikimsukuma ni kutafuta jaha na kusikika.

Uamuzi ulikuwa wazi: aondoke, aache cheo, akaitengeneze nafsi yake. Kwa upande wa hoja hakuna swali rahisi zaidi alilowahi kukutana nalo. Hakuwa na shaka hata kidogo.

Na hakuweza.

Kuanzia mwezi wa Rajab (Julai 1095), kwa muda wa karibu miezi sita, alikuwa akipiga hatua mbele na kurudi nyuma. Asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Upande mmoja anasikia wito kwamba umri umebaki kidogo na safari ni ndefu. Upande wa pili shetani anamwambia hali hii itapita tu, ukiacha cheo hiki na maisha haya matulivu utajuta na hutaweza kuyapata tena.

Mwishowe mwili ukakataa. Siku moja alikaa kufundisha ili kuwaridhisha wanafunzi waliokuja, na ulimi haukutamka neno. Yule bingwa wa mijadala hakuweza kutoa hata neno moja! Huzuni ikaingia moyoni, chakula na kinywaji havikupita, nguvu zikaisha. Matabibu wakamtazama wakasema ugonjwa huu umeanzia moyoni na kushuka mwilini, hauna dawa mpaka moyo utulie.

Ndugu msomaji, hapa ndipo pa kusimama. Kwa nini mtu aliyeweza falsafa bila mwalimu ashindwe kupanda mnyama akaondoka mjini? Kwa sababu akili yake haikuwa imefungwa. Kilichofungwa ni moyo, na kamba yake ilikuwa imesukwa nyuzi nyingi kwa miaka mingi. Kila mjadala alioshinda uliongeza uzi. Kila wanafunzi walipojaa, uzi mwingine. Jambo aliloliweza kuliko yote ndilo lililomfunga kuliko yote. Na sisi ni hivyo hivyo. Jambo linalokushinda leo halikuanza kukushinda leo. Umelifanyia mazoezi bila kujua.

Akafanya lililobaki. Alipojiona ameishiwa kabisa alimkimbilia Allah kama anavyokimbilia mtu aliyebanwa, asiye na hila yoyote. Na mwenyewe amesimulia kwamba Mola anayemwitikia aliyebanwa alimwitikia, akaufanya moyo wake uone wepesi wa kuacha cheo, mali, watoto na marafiki. Jambo ni lile lile, mji ni ule ule. Uzito ndio uliondolewa.

Katika Dhul Qaada 488 (Novemba 1095) akatoka Baghdad. Alitangaza kwamba anakwenda Makka ilhali moyoni ameazimia Sham, akiogopa Khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, kwa hivyo usifahamu kwamba alitelekeza familia. Nduguye Ahmad akashika nafasi yake ya kufundisha. Watu wa Iraq wakabaki kukisia. Walio mbali walisema amewaogopa watawala, na walio karibu, ambao waliona watawala wakimng'ang'ania abaki, wakasema hili ni jicho limewapata wanavyuoni. Utadhani ni mtaani kwetu!

UGENINI

Huko Damascus alikaa ndani ya msikiti mkubwa wa Bani Umayya. Alikuwa akipanda mnara, anajifungia mlango, anashinda humo mchana kutwa. Akaenda Baytul Maqdis akawa akijifungia katika Qubba ya Sakhra, miaka michache tu kabla ya mji ule kutekwa na Wasalibi mwaka 1099. Akazuru mji wa Al-Khalil, na hapo penye kaburi la Nabii Ibrahim (AS) aliweka ahadi ya mambo matatu: hatapokea mali ya sultani yeyote, hataingia baraza la sultani yeyote, na hataingia tena katika ile mijadala ya kushindana. Kisha akahiji.

Umeona hekima yake? Hakujiamini. Alijua udhaifu wake uko wapi, ndiyo akaifunga milango mitatu ambayo ugonjwa ulikuwa ukipitia. Hakusema nitaingia barazani kwa sultani lakini nitajizuia. Alisema sitaingia. Anayetaka kuacha muguka halafu kila jioni anakwenda kukaa kijiwe kile kile na wale wale, eti atakuwa anakunywa chai tu, huyo anajidanganya.

ALIYOYAFAHAMU

Katika miaka hiyo ndiyo aliandika Ihyau Ulumid Din, vitabu 40 katika robo nne. Wanavyuoni wamesema kuna Hadith dhaifu ndani yake, na Hafidh Al-Iraqi (aliyefariki 806 Hijria) alizipambanua moja moja, kwa hivyo isome na mwalimu. Lakini katika maradhi ya moyo ni wachache walioandika kama yeye. Na wewe wa pwani yetu huna umbali naye. Kitabu chake cha fiqhi Al-Wajiz ndicho alichokisherehesha Imam Rafii, na juu ya kazi ya Rafii ndipo Imam Nawawi alipojenga, na fiqhi ya Nawawi ndiyo inayosomeshwa Lamu, Mombasa na Zanzibar. Masharifu waliotoka Hadhramaut nao wameitukuza Ihya kizazi baada ya kizazi.

Katika kitabu cha kuilea nafsi ndani ya Ihya analijibu swali letu. Anaanza na wale wanaosema tabia haibadiliki. Anawajibu kwamba ingekuwa hivyo basi mawaidha yote na mafunzo yote yangekuwa bure. Anatoa mifano ya wanyama: farasi mkorofi hufunzwa akawa mtiifu, mbwa wa kuwinda hufunzwa akajizuia kula windo. Itakuwaje mwanadamu ashindwe?

Kisha anatoa mfano unaotufaa sana mwezi huu, nao ni kokwa ya tende. Kokwa si mtende, wala si mtofaa. Lakini imeumbwa kwa namna ambayo ikilelewa itakuwa mtende, na hata uilee vipi haiwi mtofaa. Basi leo ukifuturu, kabla hujaitupa ile kokwa, iangalie. Ndani yake kuna majibu mawili kwa pamoja. La kwanza, kuna kilichoumbwa ambacho hukibadilishi. Hasira na matamanio havitolewi kabisa, na hatukuamrishwa kuvitoa. Tumeamrishwa tuvitawale. La pili, kilichoumbwa ndani yako bado ni kokwa. Hakijawa mti. Hakiwi mti bila mkono wa kukitia maji.

Kwa nini basi mengine ni mepesi na mengine ni mazito? Ghazali anataja sababu mbili kubwa. Moja ni asili yake na muda iliyokaa nawe. Matamanio ya tumbo ndiyo magumu zaidi kwa sababu ndiyo ya kwanza kuumbwa. Mtoto huzaliwa nayo, hasira huja baadaye, na akili ya kupambanua huja nyuma ya zote. Kwa hivyo akili inafika nyumbani inakuta wapangaji wa zamani wameshajitandaza. Sababu ya pili ni amali: tabia hupata nguvu kila unapoitii, na zaidi ukiamini kwamba ni nzuri.

Ndiyo akawapanga watu daraja nne. Wa kwanza ni asiyejua tu zuri na baya, huyu hutibika upesi akipata mwalimu. Wa pili anajua kwamba ni baya ila matamanio yamemshinda. Kazi yake ni mara mbili, ang'oe alichokizoea na apande kinyume chake, lakini akijitahidi anaweza. Wa tatu anaona baya ndiyo zuri. Wa nne amelelewa humo na anajisifu nalo, na huyo ndiye mgumu kuliko wote. Familia nyingi zina kijana wa daraja la pili na zinamtendea kama wa nne. Anajua kwamba anakosea, usiku analia peke yake, na nyumbani anaambiwa ameshaharibika. Jamani tumche Allah.

Na dawa ni ipi? Anatoa mfano wa mwandishi wa khati. Anayetaka mkono mzuri anaanza kwa kujilazimisha, anaiga maandiko ya fundi, leo na kesho na keshokutwa, mpaka inakuwa tabia na khati inatoka yenyewe. Ukarimu ni hivyo hivyo, unyenyekevu ni hivyo hivyo. Mwanzo ni kujilazimisha, na kujilazimisha si unafiki ikiwa unakusudia kuwa mkweli. Ametaja mtu aliyemuajiri mwenziwe amtukane mbele za watu ili ajifunze upole, na mwingine mwoga aliyekuwa akisafiri baharini wakati wa mawimbi makali ili apate ushujaa. Sikwambii ufanye hivyo. Nakwambia hawakukaa wakasema ndivyo tulivyo.

Na amehimiza pole pole. Mtoto huvutwa chuoni kwanza kwa mchezo wa mpira, halafu kwa nguo nzuri, halafu kwa kupewa uongozi, mpaka mwisho avutwe kwa Akhera. Usimtwike siku moja mzigo wa miaka kumi.

KURUDI

Mapenzi ya watoto yalimrudisha kwao. Mwaka 499 Hijria (1106), baada ya miaka 11, waziri Fakhrul Mulk alimtaka arudi kufundisha Nishapur, akakubali. Watu waliona amerudi kule kule. Yeye alieleza kwamba hakurudi, kwa sababu zamani alikuwa akifundisha elimu inayochuma jaha, na sasa anafundisha elimu inayomfanya mtu aiache.

Sasa turudi kwa Abdul Ghafir. Alipomtembelea tena hakuamini alichokiona. Alimkuta mpole, hakasiriki kwa maneno ya watu. Kwanza akadhani ni kujifanya tu. Akamchunguza mara kwa mara, mwishowe akakiri kwamba mtu amebadilika kweli kweli, kinyume cha alivyomdhania. Huu ni ushahidi wa mtu aliyejua kibri chake cha zamani.

Miaka ya mwisho alikuwa Tus, amejenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya watu wa ibada, naye anasoma Hadith za Bukhari na Muslim kama mwanafunzi. Alifariki siku ya Jumatatu, Jumadal Akhir 505 Hijria (Desemba 1111). Nduguye Ahmad amesimulia kwamba asubuhi ile alitawadha akaswali, akaitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akaonyesha kuridhika kwake kuingia kwa Mfalme wake, akanyoosha miguu akaelekea Qibla, na roho ikatoka. Mtu aliyeshindwa miezi sita kutoka Baghdad alitoka duniani kwa wepesi ule. Alikuwa ameshafanya mazoezi ya kuondoka.

KWAKO WEWE MSOMAJI

Ramadhan ni siku 29 au 30 za kuilea nafsi, na imewekwa pale pale kwenye tumbo, penye mpangaji wa zamani kuliko wote. Ghazali aliwashangaa watu wa zama zake wanaojizuia mchana kisha usiku wakala vya mchana na vya usiku pamoja, wakaweka vyakula vya Ramadhan ambavyo miezi mingine hawavioni. Ni miaka zaidi ya 900 imepita, na utadhani alipita jikoni kwetu akaona sambusa, viazi vya karai, mkate wa mayai na tambi kwenye sinia moja!

Basi chagua jambo moja tu linalokushinda. Lifunge mlango wake. Anza kidogo na udumu. Linalokuwia jepesi usijivune nalo, manake huenda ni zawadi tu, na mwenye kulipata kwa jasho amekupita mbele ya Mola. Linalokuwia zito usilikatie tamaa. Suratul Layl imetufunza kwamba wepesi hufuata hatua ya mja: anayefungua mkono na kumcha Mola wake, njia ya kheri hulainishwa mbele yake. Na siku ukijiona umeishiwa kabisa, fanya alivyofanya Ghazali. Inua mikono kabla ya adhana ya Magharibi, tende ikiwa mbele yako, uombe kama aliyebanwa.

Na wewe mzazi, usiidai kokwa ya tende ikuletee matofaa. Lakini pia usiitupe.

Allah atulainishie mazito yetu, azitakabali saumu zetu na visomo vyetu, amrehemu Imam Ghazali na wanavyuoni wetu wote waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Mubarak.